Kundi la Bibi

Mwalimu mkuu alikuwa na sauti ya kutangaza msiba hata akitangaza mechi ya mpira, kwa hiyo aliposimama mbele ya wazazi na kusema, "Ndugu wazazi, majibu ya utafiti yametoka," mama mmoja alishika kifua. Nyuma yake, ukutani, projekta ilionyesha nguzo mbili. Moja ya kijani, ndefu, imekwenda juu hadi karibu na feni. Ya pili nyekundu, imechuchumaa huko chini, haifiki hata nusu ya mwenzake. Chini ya ile ndefu paliandikwa: Watoto wasioishi na bibi. Chini ya ile fupi: Watoto wanaoishi na bibi.

"Hili lilikuwa jaribio la umakini," alisema mwalimu mkuu. "Ni mambo ya saikolojia. Watoto wetu wamepimwa, na mnajionea wenyewe. Bibi anadekeza, mtoto akili inalala. Sisemi mimi, inasema sayansi."

Pembeni, karibu na swichi ya taa, alikaa binti mmoja mwembamba kutoka chuoni, ambaye ndiye aliyefanya utafiti huo. Aliinua mkono. Mwalimu mkuu akamwashiria aushushe, wakati wa maswali bado. Wakati wa maswali haukufika, maana soda zilifika kwanza, na wazazi wa shule ile wakiona soda hawana swali tena duniani.

Mama Wakili alizipiga picha zile nguzo kwa simu yake, mara mbili, asije akakosea. Huyu alikuwa mpokeaji wagonjwa katika kliniki ya macho. Nyumbani alikuwa na mume, fundi wa friji. Binti wa miaka minane aliyeitwa Wakili, kwa sababu hajawahi kukubali kosa bila kukata rufaa. Kijana wa miaka miwili aliyeitwa Tingatinga, na ukiingia sebuleni kwao hutauliza kwa nini. Na mama mkwe. Kwa huyo wa mwisho ndiyo picha zikapigwa mbili.

Jioni hiyo aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, katikati ya meza, mbele ya sahani ya Bibi.

Bibi alikuwa mstaafu wa posta. Ujana wake wote aliumaliza kwenye swichibodi akiunganisha simu za watu, na tangu siku hizo hakuacha kuingia katika mazungumzo yasiyomhusu. Alivaa miwani, akasogeza kichwa, akatazama.

"Huyu mfupi ndiye mimi?"

"Si wewe, Mama. Ni kundi."

"Kundi gani tena? Mimi kundi langu ni la mazoezi ya magoti, kila Jumanne. Hawa wametutoa wapi?"

"Ni takwimu, Mama. Wamesema watoto wanaoishi na bibi umakini wao uko chini. Mimi sisemi kitu. Nasema tu walivyosema."

Jihadhari na mtu anayesema nasema tu walivyosema. Bibi alimtazama mwanawe. Baba Wakili alikuwa fundi hodari, anaweza kusimama mlangoni kwa mtu akakwambia friji ya jikoni inaumwa wapi, lakini akivuka kizingiti cha nyumba yake masikio huyapa likizo. Alikuwa akitafuta kitu kwenye sahani yake, na hakukipata mpaka wote walipoinuka.

Tuseme ukweli, kwani hapa tunamficha nani? Mama Wakili alikuwa amechoka. Alichoka kupika huku mtu nyuma yake akisema "mmh." Alichoka kukuta nguo alizokunja zimekunjuliwa na kukunjwa upya. Lakini mkwe hawezi kumwambia mama wa mumewe nimekuchoka; watu watasema nini? Sasa sayansi imekuja kumsemea, tena kwa picha ya rangi.

Kundi la wazazi wa shule kwenye simu liliwaka moto. Baba mmoja muuza magodoro aliandika kwamba mama mkwe wake anaondoka mwisho wa mwezi "kwa maslahi ya elimu ya mtoto," akaweka vikaragosi vitatu vya kulia, na kila mtu akajua anacheza muziki huko aliko. Wasio na bibi nyumbani walianza kutoa ushauri wasioombwa. Binti wa chuoni aliandika ujumbe mrefu wenye maneno "hata hivyo" mara nyingi. Hakuna aliyeusoma hadi mwisho. Mtu mmoja alimjibu, "Ahsante kwa kuthibitisha."

Kisha Wakili akarudi na imla. Nne juu ya kumi, wino mwekundu umetapakaa.

"Nne!" Mama yake alikaa chini. "Maneno tuliyoyasoma wote jana! Ulikuwa unafikiria nini?"

Wakili aliweka begi sakafuni, akakunja mikono.

"Mama, sio kosa langu. Mimi niko kundi la bibi."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, Tingatinga mgongoni, chupa ya maziwa mkononi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Wote watatu wakamgeukia Baba Wakili aliyekuwa amekaa kwenye kochi, maana pale palihitajika neno moja tu la mwenye mama yake. Neno lolote. Hata kikohozi kingesaidia.

Baba Wakili alitazama juu.

"Hili dari," alisema, "linavuja?"

Asubuhi Bibi alifunga virago. Hakununa, hakulia, alikunja khanga zake, kila moja mara nne, huku akisema kwa upole uliotisha kuliko matusi: "Niondoke mapema, nisije nikamwambukiza na mdogo." Aliomba apelekwe kwa mdogo wake, mjane aliyeishi peke yake mtaa wa tatu kutoka pale. Baba Wakili akambebea mabegi, akambebea redio, akampeleka kwa pikapu. Njia nzima alizungumza habari za matairi.

*

Siku ya kwanza Mama Wakili alipika bila mtu wa kusema mmh. Aliimba. Alihamishia cherehani yake kwenye chumba cha Bibi, akasimama katikati ya chumba akizunguka kuangalia kuta, kama mtu aliyepata nchi.

Siku ya pili ilibidi mtu akae na Tingatinga. Yaya waliyeahidiwa alikuja, akamwangalia mtoto akipanda kabati, akasema anakwenda dukani kununua vocha. Mpaka leo ananunua. Baba Wakili akamchukua kijana kwenda naye kazini. Hapo karakana Tingatinga aliketi kwa utulivu mkubwa, na utulivu wa Tingatinga ni wa kuogopwa. Friji ya bucha ilipokuwa imekwisha tengenezwa na kupelekwa, Baba Wakili alitafuta simu yake kila mahali. Akaazima ya jirani, akajipigia. Ikapokelewa na muuza nyama.

"Fundi," alisema yule bwana, "friji yako inaita. Tena ina picha ya mkeo. Niifanyeje?"

Alhamisi zamu ikawa ya mama. Alimficha mtoto chini ya kaunta ya mapokezi, akampa biskuti, akamwomba kwa jina la kila kitu kitakatifu. Wagonjwa wawili baadaye, daktari alimwita mzee mmoja asome ubao wa herufi. Mzee alisoma mstari wa juu vizuri, akafika wa chini akasema anaona alama za vidole na makombo. Daktari akaandika miwani nzito. Ndipo alipogeuka kuutazama ubao mwenyewe, na Tingatinga chini yake, biskuti mkononi.

"Mama," alimwambia Mama Wakili mbele ya foleni nzima, na foleni ya watu wa macho ina masikio mazuri ajabu, "umechelewa juzi, umechelewa jana, na leo umeniletea huyu. Kesho kaa naye nyumbani. Jumatatu uje peke yako, tena mapema. Ikikushinda, usije kabisa."

Alisema, "Sawa, daktari." Akatoka na mtoto begani, watu wakimpisha. Alikuwa na hamu ya kumgombeza mtu, na wa kugombezwa hakuwepo.

Lakini Ijumaa, jamani! Ijumaa Wakili alirudi na imla ya nane. Nane juu ya kumi! Mama Wakili alisahau daktari, akasahau ubao. Alipiga picha lile daftari, akaituma kwenye kundi la wazazi: "Wiki moja tu bila bibi. Utafiti haudanganyi!"

Jibu la kwanza lilikuja papo hapo. "Hongera. Wangu tisa."

La pili: "Wangu kumi. Na hapa kwangu wapo mabibi wawili, wa pande zote, wanagombania remoti."

La tatu lilieleza yote. Mwalimu wa darasa alikuwa mgonjwa. Aliyemshikia zamu, mwalimu wa michezo, alitunga imla yake mwenyewe: meza, baba, kiti, mpira. Darasa zima hakuna aliyepata chini ya nane. Kwa hesabu hiyo Wakili alikuwa wa mwisho pamoja na mtoto mmoja aliyekuwa na homa.

Mama Wakili aliufuta ujumbe wake upesi. Ukabaki ule mstari wa aibu, wa kuwaambia watu wote kwamba fulani alisema jambo na sasa analijutia.

*

Binti wa chuoni alikuwa amepewa ofisi pale shuleni, katika stoo ya vifaa vya michezo. Jumamosi asubuhi Mama Wakili alimkuta ameketi juu ya sanduku, katikati ya mipira isiyo na upepo, kompyuta mapajani. Alipomwona mgeni alisimama haraka mpaka mpira mmoja ukaviringika nje.

"Umekuja kuuliza swali?" alisema, macho yakimeta. "Tangu siku ya mkutano hakuna mtu aliyeniuliza swali!"

"Ninalo moja tu, mwanangu, na nina haraka. Bibi anadhuru au hadhuru?"

"Inategemea."

"Nilijua. Inategemea nini?"

"Inategemea kwanza kwa nini bibi yuko pale." Binti alimsogezea sanduku lingine. "Kwenu Bibi alikuja lini?"

Mama Wakili alikaa. Alikumbuka, na hakupenda alichokumbuka. Bibi alikuja wakati Tingatinga alipozaliwa kabla ya siku zake, yeye mwenyewe amelazwa wodini, Wakili anapelekwa shule na nywele hazijachanwa. Mwalimu wa darasa alikuwa ameshalalamika: huyu mtoto anatazama dirishani tu.

"Kwa hiyo alipokuja," alisema binti taratibu, "umakini ulikuwa umeshapungua."

"Ulikuwa umeshapungua."

"Basi. Watoto wengi wa kundi lile ni hivyo. Bibi huitwa nyumba ikielemewa: mama anafanya kazi siku nzima, mtu anaumwa, baba kaondoka. Nikiwachukua watoto ambao mama zao wanashinda kazini, nikalinganisha wenye bibi na wasio naye, ile tofauti inayeyuka."

"Kumbe anasaidia!"

"Sijasema hivyo."

"Si umesema inayeyuka?"

"Kuyeyuka si kugeuka, Mama. Tafadhali, usitoke humu na jingine." Binti alishika kichwa. "Mimi nimeandika kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja. Mwalimu mkuu akasoma kwamba moja linaleta lingine. Tena akakata chati. Ona." Alichukua karatasi, akachora upya. "Wastani wa hawa ni sabini na moja. Wa hawa sitini na saba. Yeye chati yake ameianzia sitini na tano. Nikiianzia sifuri, haya."

Mama Wakili alitazama. Nguzo mbili zilisimama bega kwa bega, mapacha, mmoja amevaa kofia.

"Na huo ni wastani tu," binti aliendelea, kwa kuwa amepata msikilizaji na hakutaka kumwachia. "Ndani yake wapo watoto chungu nzima wa kundi la bibi wanaowapita wale wengine. Wewe unafanya kazi wapi?"

"Kliniki ya macho."

"Vizuri! Ukiwapima watu bila miwani, wavaaji wa miwani na wasiovaa, nani wanaona vibaya zaidi?"

"Wavaaji. Kwani hilo nalo linahitaji chuo?"

"Kwa hiyo miwani imewaharibu macho."

Mama Wakili alicheka. Alicheka kwa sauti, akapiga paja, kwa sababu kila wiki hapo kaunta huja mtu wa kusema hivyo hivyo, na yeye na daktari humteta mchana kutwa. Halafu kicheko kikamkauka.

"Karatasi hii," alisema, "kuhusu mama mkwe wangu mimi, inasema nini?"

"Haisemi kitu, Mama. Haimjui."

"Na mimi nimemtoa mtu nyumbani kwa karatasi isiyomjua."

Binti alitaka kusema inategemea. Akamwangalia usoni, akafunga kompyuta.

*

Walikwenda wote wanne alasiri ile ile, karatasi ndani ya mkoba. Bibi walimkuta barazani kwa mdogo wake, miguu juu ya kigoda, amependeza kuliko walivyotazamia. Tingatinga alimkimbilia, akaangusha kigoda, akaangusha na chungu cha maua, akapanda mapajani kwake na kuganda hapo. Wakili alisimama mbali, akichora ardhi kwa kiatu.

Mama Wakili alianza kueleza. Alieleza vizuri, maskini, hakuna alichokosea: wastani, kundi, chati iliyokatwa, chanzo na matokeo. Mdogo wake Bibi aliipenda sana ile karatasi. "Loo, kumbe mko sawa sawa!" alisema. Bibi alizitazama nguzo mpya, akairudisha karatasi.

"Kwa hiyo, Mama," Mama Wakili alihitimisha, jasho likimtoka, "wewe ni kama miwani. Mtu hakuti miwani ila kwa mwenye macho mabovu, lakini si miwani iliyo—"

"Juzi nilikuwa nguzo fupi," alisema Bibi. "Leo nimekuwa miwani. Lini nitakuwa mtu, mkwe wangu?"

Mama Wakili aliikunja ile karatasi. Hakujua aiweke wapi, akaikalia.

"Mama, nisamehe. Utafiti ulikuwa fimbo tu, na mimi nilikuwa naitafuta fimbo siku nyingi. Nilichoka kuonjewa chakula changu. Nilichoka kukunjiwa nguo. Na huyu mtoto akianguka analia 'Bibi!' hali mimi nimesimama hapo hapo, mikono hii hapa. Ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilipoiona ile nguzo fupi pale ukutani, nilifurahi, Mama. Ndivyo ilivyokuwa."

Mdogo wake Bibi aligeuka kuangalia barabarani. Bibi alimpapasa Tingatinga mgongoni kwa muda.

"Haya," alisema. "Hayo sasa nimeyaelewa. Na mimi ni kweli nasema mmh, hata mwenyewe huwa najisikia nikisema. Wewe yamekwisha. Umenipiga, lakini umenipiga ukinitazama. Yule mwingine yuko wapi?"

Yule mwingine alikuwa amepotelea ndani. Walimkuta jikoni, ameisogeza friji ya mama yake mdogo kutoka ukutani, amepiga magoti nyuma yake.

"Mama Mdogo, mota ya friji hii inachoka," alisema bila kuinua kichwa.

"Iache ichoke," alisema Bibi. "Toka huko nyuma."

Alitoka. Mtu mzima, ndevu, vumbi kwenye pua.

"Siku ile ulisikia mtoto alivyosema?"

"Nilisikia."

"Uliniona?"

"Nilikuona, Mama. Mlangoni. Na chupa ya maziwa."

"Dari linavuja?"

"Halivuji."

Hapo hata Wakili, mlangoni, aliacha kuchora sakafu kwa kiatu.

"Niliogopa," alisema Baba Wakili. Maneno yalimtoka moja moja, kama skrubu zenye kutu. "Nikikutetea wewe, huku nyumbani hakulaliki. Nikimtetea huyu, wewe utalia. Nikasema nikinyamaza hataumia mtu."

"Na nani kaumia?"

"Wewe." Alijifuta pua, akajipaka vumbi zaidi. "Nilinunua usingizi wangu kwa kukuuza wewe. Rudi nyumbani, Mama. Nakuomba. Si kwa sababu ya mtoto, wala si kwa sababu ya kazi ya huyu. Nyumba haina mama yangu."

Bibi alilia. Alilia kidogo tu, bila aibu, akajifuta kwa upindo wa khanga.

"Ungesema hivyo siku ile, kwa maneno hata matatu, ningevumilia nguzo mia," alisema. "Leo sirudi. Hapa nalala mpaka jua linanikuta kitandani. Sikujua kama usingizi ni mtamu hivi. Nikishapumzika nitarudi, nirudi kwangu, si kazini. Sawa?"

"Sawa, Mama," walisema wote wawili.

"Na hawa watoto waacheni hapa wiki hii. Shule si mbali, huyu mkubwa atakwenda kwa miguu. Mkwe wangu, habari za daktari wako zimenifikia; Jumatatu nenda kazini mapema, usije ukaaibika bure." Alimshika Wakili mkono, akamvuta karibu, na Wakili akaficha uso wake begani kwa bibi yake, hana utetezi. "Tumeshajaribu kumwondoa bibi. Sasa tuwaondoe baba na mama, tuone."

Mdogo wake alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Wakili naye alitaka kucheka. Aliwabusu watoto, akawaambia wasisumbue. Tingatinga hakugeuka hata kumtazama.

Walirudi wawili kwa pikapu. Baba Wakili aliendesha polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika.

"Sasa," alisema, "na kama Ijumaa mtoto akipata kumi?"

"Nyamaza wewe!"

Mama Wakili alianza kucheka, kicheko kikamzidi, akalazimika kushika dashibodi. Kisha kikageuka kingine, mabega yakaanza kumtetemeka, akageuzia uso dirishani ili asionekane. Baba Wakili alitazama barabara. Alitazama kioo. Alitazama mshale wa mafuta. Halafu alisogeza gari pembeni, akazima injini, akamgeukia mkewe mwili mzima.

"Haya," alisema. "Nakusikiliza."